Kodi ya modemu 11,800 kila mwezi: kuna aliyenunua yake Arusha au Moshi akafanikiwa?

#1 Mpagazi Mstaafu (Aprili, Jumanne usiku)

Wakuu, kwema?

Nina kiofisi cha utalii hapa Njiro, watu watano na paka mmoja. Intaneti yetu ni ya kebo, ile inayokuja na waya mmoja pamoja na chaneli za tivii. Kampuni sitaitaja, sijaja hapa kuchafua jina la mtu.

Leo mhasibu wangu (ni mke wangu, msimwambie nimemwita mhasibu) kaniwekea ankara mezani na kidole juu ya mstari wa tatu. Kodi ya kifaa, 10,000. Piga VAT 18% inakuwa 11,800. Tuko nao miaka mitatu kamili. 11,800 mara 36 ni 424,800. Hiyo ni kodi ya kiboksi cheusi chenye vumbi, na bado siku nikikiangusha dhamana yangu ya 50,000 inakwenda na maji.

Nimebeba mizigo ya watu mlimani miaka tisa, najua maana ya kubeba kisicho chako. Je, mtu anaweza kununua modemu yake akawaambia hawa jamaa chukueni ya kwenu? Ninunue ipi? Na je, itaondoa hili tatizo la intaneti kukata kila mvua ikinyesha? Masika hii imekuwa kero, wateja wa Ulaya wananiona mdomo unacheza sauti haitoki.

Naomba kuwasilisha.

#2 Kahawa Chungu

Hiyo laki nne na ushee ungeenda nayo Ngaramtoni siku ya mnada ungerudi na mbuzi na chenji. Nakaa hapa nasubiri wenye uelewa.

#3 Fundi Waya

Mkuu Mpagazi, inawezekana, ila usitoe hata senti kwanza. Nimefanya kazi za kebo na faiba huku kanda ya kaskazini muda mrefu, nikueleze mambo yalivyo.

Kwanza, modemu ya kebo si kama simu ambayo unaweka laini unaendelea na maisha. Ukiiwasha inatafuta chaneli ya kushuka, yaani inayoleta data kwako. Ikiipata, inajipima ipaze sauti kiasi gani ili isikike kwa mtambo wa kampuni. Halafu inaomba anwani ya IP, inashusha faili dogo la mipangilio, inajisajili. Kasi yako imeandikwa ndani ya faili hilo, na faili linatoka kwa kampuni kulingana na namba ya MAC ya modemu, yaani utambulisho wake wa kiwandani. Kwa hiyo mambo mawili: namba yako isipoingizwa kwenye mfumo wao, modemu ya milioni moja ni ya kuzuia karatasi zisipeperuke tu. Na hata ikiingizwa, kama unalipia Mbps 20 utapata 20. Modemu mpya haiongezi kifurushi.

Pili, kile kiboksi chako kina antena za waifai? Kama kinazo, hapo kuna vitu viwili ndani ya ganda moja, modemu na ruta. Watu wengi wanaolalamikia modemu kumbe wanalalamikia ruta. Wanataka waifai ifike chumba cha nyuma, wakanunue ruta basi, modemu waiache.

Tatu, hilo la mvua. Modemu haijui kama nje kunanyesha. Waya ndio unajua. Fungua kompyuta iliyounganishwa na kiboksi, andika 192.168.100.1, modemu nyingi za kebo zinafungua ukurasa wa hali ya mawimbi hapo. Niletee namba za kushuka, za kupanda, na uwiano wa mawimbi na kelele. Zipige picha wakati mvua inanyesha.

#4 ChaliiWaSakina

Mzee mbona mnazunguka. Kuna mchezo mmoja rahisi, unachukua namba ya MAC ya jirani mwenye kifurushi kikubwa unaipandikiza kwenye modemu yako, unakula bure. Machalii wa zamani walifanya sana. Njoo inboksi.

#5 Fundi Waya

ChaliiWaSakina, hao wa zamani ni wa zamani kweli. Tangu DOCSIS 1.1 (DOCSIS ndio utaratibu wa mawasiliano wa modemu za kebo) modemu inabeba cheti chake cha kidijitali kilichofungwa na namba ya MAC kiwandani. Kampuni ikiwasha ukaguzi huo, namba ya kuiba bila cheti chake inakataliwa mlangoni. Na hata pasipo ukaguzi, namba moja ikionekana sehemu mbili anayekatiwa ni jirani yako asiye na kosa. Huo ni wizi, uache.

#6 Msimamizi

Ushauri wa kuiba huduma hauruhusiwi hapa. Chalii, hilo ni onyo la kwanza. Uzi uendelee.

#7 Mama Rau

Habari zenu. Mimi niko Moshi, Rau, na naomba kuwa tofauti na ninyi kidogo. Nimepanga modemu miaka mingi na sina mpango wa kununua.

Sababu ni radi. Kwetu mvua ya jioni inaposhuka kutoka mlimani haibishi hodi. Modemu ya kwanza iliungua, nikapeleka ofisini kwao, wakanipa nyingine siku ileile bila neno. Ya pili ikaungua mwaka uliofuata, vilevile wakabadilisha. Sasa ingekuwa yangu? Ningekuwa nimenunua tatu. Baba Mpagazi anapiga hesabu ya kodi tu, hesabu ya radi hajaipiga.

#8 Binti Kiboriloni

Mama Rau shikamoo. Hoja yako nimeiweka kwenye hesabu maana ndiyo kazi yangu.

Tuseme modemu ya kununua ni 150,000. Kwa kodi ya 11,800 inajilipa mwezi wa 13. Ikiungua mara moja ndani ya miaka mitatu umetumia 300,000, bado uko chini ya 424,800. Ikiungua mara mbili, 450,000, hapo umeliwa. Kwa hiyo yote yanategemea radi na uimara wa umeme wa mtaa wako. Njiro na Rau si sawa.

Ila kuna gharama watu wanaisahau. Mkuu Mpagazi, ukirudisha kiboksi chao dai karatasi ya makabidhiano yenye namba ya kifaa (serial number), tarehe, sahihi na muhuri. Kisha ipige picha. Nimeona ankara za wateja wangu, kifaa kimerudishwa lakini kodi inaendelea kama vile kimeacha mzimu nyumbani.

#9 Mpagazi Mstaafu

Mama Rau, asante kwa kunisahihisha, na hapa mimi ndiye napaswa kukuamkia. Shikamoo.

Fundi, mvua imeshuka leo saa kumi, nikafanya ulivyosema. Ukurasa umefunguka bila hata kuuliza neno la siri. Nanakili:

Kushuka: −11 dBmV. Uwiano: 31 dB. Kupanda: 53 dBmV. Halafu chini kuna orodha ndefu imeandikwa T3, T3, T3, kama mtoto anajifunza kuandika.

Mimi hapo naona lugha ya malaika.

#10 Fundi Waya

Lugha ya malaika inasema hivi.

Kushuka ni nguvu ya mawimbi yanayokufikia. Viwango vinaruhusu kutoka −15 hadi +15, lakini fundi anayejipenda anataka ikae kati ya −7 na +7. Wewe uko −11, unasikia kwa mbali. Uwiano wa 31 ni mdogo, kwa chaneli za siku hizi mie nataka 35 kwenda juu. Kupanda ndiko kuna ugonjwa wenyewe. Hiyo 53 maana yake modemu yako inapiga kelele karibu na mwisho wa uwezo wake ndipo mtambo uisikie. Ikipita 50 mie naanza kuguna. T3 ni modemu imeita, haikujibiwa. Zikifuatana inakata na kuanza upya. Hapo ndipo mteja wako wa Ulaya anaona mdomo bila sauti.

Mambo mawili nenda kaangalie kesho kukikauka. Waya unaingia nyumbani unapita spilita (vigawanya waya) ngapi kabla ya kufika kwenye modemu? Kila spilita ya njia mbili inakula kama dB 3.5. Na ile konekta ya nje ukutani, ifungue uangalie rangi.

#11 Ughaibuni Mnyonge

Wakuu, naandika kutoka Minnesota, Marekani, mzaliwa wa Kijenge. Huku kununua modemu yako ni jambo la kawaida kabisa. Maduka yanauza, kampuni zina orodha ya modeli zinazokubalika, unapiga simu au unaingia kwenye programu yao unawapa namba ya MAC, dakika kumi uko hewani. Kuna hata sheria iliyopitishwa 2019, ikaanza kufanya kazi Desemba 2020, inakataza kampuni kumtoza mteja kodi ya kifaa ambacho hakupewa na kampuni. Kumbuka kabla ya hapo wapo waliokuwa na modemu zao na bado wakitozwa.

Jambo moja linawashangaza watu: hata modemu ikiwa yako, programu yake ya ndani husasishwa na kampuni kupitia waya. Wewe ni mwenye nyumba, funguo za stoo wanazo wao.

Mpagazi, nina moja nzuri imekaa kabatini, DOCSIS 3.0, chaneli 16 za kushuka na 4 za kupanda. Mama yangu mdogo anarudi Arusha wiki ijayo. Nikupe bure?

#12 Mpagazi Mstaafu

Ughaibuni Mnyonge, wewe si mnyonge tena, wewe ni Mwenyekiti. Naipokea kwa mikono miwili.

#13 Fundi Waya

Subirini jamani. Mpagazi, kabla ya kupokea geuza kiboksi cha kampuni usome kibandiko cha chini.

#14 Mpagazi Mstaafu (wiki mbili baadaye)

Fundi, nakiri sikuusoma ujumbe wako kwa wakati. Modemu imefika, mama mdogo kaileta na chokoleti. Nikachomeka. Ikatoa mlio mmoja kama bisi, halafu harufu. Paka katoka nje.

#15 Fundi Waya

Adapta imeandikwa nini?

#16 Mpagazi Mstaafu

120V, 60Hz.

#17 Kahawa Chungu

Pole mkuu lakini nimecheka hadi mke kaja kuuliza.

#18 Fundi Waya

Umeme wetu ni 230V. Adapta za siku hizi nyingi zimeandikwa 100-240V, hizo hazina shida, unatafuta kichwa cha kuchomekea tu. Hiyo yako ilikuwa ya kwao peke yake. Kilichokufa ni adapta, modemu yenyewe inawezekana ni nzima maana inakula 12V. Tafuta adapta ya 12V yenye ampea sawa au zaidi ya zilizoandikwa kwenye modemu, angalia na pini, chanya iwe katikati kama mchoro unavyoonyesha.

Sasa kibandiko cha kiboksi cha kampuni kinasemaje?

#19 Mpagazi Mstaafu

Adapta nimepata mjini 12,000, taa zimewaka. Ila taa ya kwanza inapepesa tu. Nimeiacha usiku kucha, asubuhi inapepesa. Mke wangu anasema inafanana na mimi nikitafuta miwani.

Kibandiko cha kampuni kimeandikwa EuroDOCSIS 3.0. Nilidhani Euro ni mbwembwe.

#20 Fundi Waya

Si mbwembwe, ndiyo habari yenyewe.

DOCSIS ni utaratibu uliotungwa Marekani na CableLabs, toleo la kwanza 1997, la 3.0 likaja 2006, la 3.1 mwaka 2013. Marekani chaneli moja ya kebo ina upana wa MHz 6 kwa sababu tivii zao zilipangwa hivyo tangu zamani. Ulaya tivii zilipangwa kwa MHz 8, kwa hiyo wakatengeneza toleo lao, EuroDOCSIS. Upana ni tofauti, mwendo wa data ndani ya chaneli ni tofauti, namna ya kusahihisha makosa ni tofauti. Kwa kupanda pia: Marekani kwa kawaida waliishia MHz 42, Ulaya 65.

Kampuni yako imejenga kwa mtambo wa Ulaya. Hiyo modemu ya Minnesota inazunguka masafa yote ikitafuta chaneli ya MHz 6 na haitaipata hata ukiiacha hadi Krismasi. Taa inayopepesa ndiyo hiyo kutafuta. Umemweka mpagazi kwenye geti la Marangu, wageni wanapandia Machame.

#21 Ughaibuni Mnyonge

Daah. Samahani sana kaka. Sikulijua hilo kabisa, huku hakuna anayeliwaza.

#22 Mpagazi Mstaafu

Hakuna shida ndugu yangu, chokoleti tulikula.

Ila nina habari. Jumamosi nilipanda ngazi na kijana wangu wa ofisi. Spilita: ya kwanza chini ya dari, inagawa sebule ya wapangaji wa zamani ambao hawapo tena. Ya pili korido, mkono wake mmoja hauna chochote. Ya tatu nyuma ya tivii ya mapokezi. Modemu iko baada ya zote tatu. Konekta ya nje nilipoifungua yametoka maji, matone kabisa, na ule waya wa katikati umekuwa wa kijani kama mchicha.

Fundi wa mtaani kakata sentimita kama kumi, kaweka konekta mpya ya kubana, siyo ile ya kuzungusha kwa mkono. Kaufanya waya ushuke chini kidogo kama tumbo kabla haujapanda kwenye konekta, ili maji yadondokee hapo. Tumebakiza spilita moja mlangoni, mkono mmoja modemu, mwingine tivii.

Namba za leo, na mvua inanyesha: kushuka +1, uwiano 38, kupanda 44. T3 hakuna.

Kiboksi ni kilekile cha kampuni.

#23 Fundi Waya

Angalia hesabu ilivyokaa. Spilita mbili umetoa, hiyo ni dB 7 kila upande. Konekta imekurudishia 5 kushuka na 2 kupanda, maana maji kwenye konekta yanakula zaidi masafa ya juu na kushuka ndiko kuko juu. Ungenunua modemu ya nusu milioni ungeichomeka kwenye mchicha uleule.

#24 Mama Rau

Kwa hiyo tatizo lilikuwa la waya, na waya wa nje ni wa kampuni. Miaka mitatu hawakuja kuangalia?

#25 Mpagazi Mstaafu

Mama, kila nikipiga simu waliniambia zima uwashe. Nikawa nazima nawasha.

#26 Mtu wa Faiba Pasua

Wakuu samahani kwa kuingilia, mimi Moshi, Pasua, niko kwenye faiba. Naweza kununua kile kiboksi cha faiba mwenyewe? Nimeona vya mitumba vinauzwa bei chee.

#27 Fundi Waya

Ugumu ni zaidi. Kwenye faiba ya GPON, yaani faiba moja inayogawanywa kwa nyumba nyingi, kiboksi kinatambuliwa kwa serial number yake, wakati mwingine na neno la siri juu yake, na mitambo ya kampuni moja ya kutengeneza haielewani kila mara na viboksi vya nyingine. Cha mtumba kinaweza kuwa bado kimesajiliwa kwa mtu. Omba kampuni waweke chao katika hali ya briji, yaani kipitishe tu bila kugawa, kisha nunua ruta nzuri yako mwenyewe uichomeke nyuma yake. Kila kitu kinachokuudhi, umbali wa waifai, neno la siri la watoto, kiko kwenye ruta.

Na kwenye faiba una neema moja: kati yako na ofisi yao hakuna kifaa kinachotumia umeme mtaani, spilita zao ni za vioo. Umeme ukikatika, ukiwa na betri ndogo ya 12V nyumbani unaendelea. Kebo ina amplifaya njiani zinazohitaji umeme. Mtaa mzima ukizima na betri zao zikiisha, betri yako ya nyumbani inalinda taa tu.

#28 Kahawa Chungu

Tusisahau sheria. Vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe na idhini ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), ipo kwenye Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 na kanuni zake. Usije ukasema hukuambiwa. Uliza kampuni, uliza na TCRA, kanda ya kaskazini wana ofisi hapahapa Arusha.

#29 Mpagazi Mstaafu (Julai)

Wakuu nimerudi. Nilikuwa na msimu, miguu imechoka.

Waya umepona lakini ile 11,800 bado inaniuma. Nilienda ofisini kwao. Dada wa mapokezi akasema haiwezekani. Nikasema naomba kuonana na fundi. Akaja kijana mmoja mpole, nikamwambia EuroDOCSIS, nikamwambia namba ya MAC, nikamwambia kupanda kwangu ni 44. Alinitazama kama mgeni aliyemuuliza choo kwa Kichaga. Akasema, "Mzee leta kifaa, kiwe cha Ulaya, kisiwe mali ya kampuni nyingine, tutakijaribu."

Kuna Mjerumani mteja wangu anarudi Septemba, mara yake ya tatu mlimani. Anasema kwao modemu za namna hii zimejaa.

#30 Ughaibuni Mnyonge

Ujerumani ni kweli. Kule sheria ya kumruhusu mteja achague kifaa chake ilianza 1 Agosti 2016. Kabla ya hapo kampuni za kebo zilikuwa zinalazimisha vya kwao.

#31 Fundi Waya

Mwambie alete FRITZ!Box ya kebo (modemu ya Kijerumani yenye ruta ndani), mfano 6490, ila iwe ya dukani. Zile zenye jina la kampuni ya huko kwenye ganda nyingi ni mali ya kampuni, mteja alikuwa amekodi kama wewe, akahama nazo. Aangalie kwenye kibandiko. Na akikutumia picha ya kibandiko, namba unayoitaka ni ile iliyoandikwa CM MAC, yaani ya modemu ya kebo yenyewe. Usipeleke nyingine yoyote.

Jambo jingine, akikutajia kifaa chenye chipu ya Intel iitwayo Puma 6, mwambie atafute kingine. Mwishoni mwa 2016 ilijulikana chipu hiyo inachelewesha data kwa mishtukomishtuko, na wewe kazi yako ni mazungumzo ya video.

#32 Kahawa Chungu

Fundi, si hiyo 6490 nayo ina Puma 6?

#33 Fundi Waya

Aisee. Kahawa umenikamata, ni kweli inayo. Walitoa masahihisho ya programu baadaye, lakini nisingekuambia hili na lile kwa pumzi moja. Mpagazi, mwambie alete 6591, hiyo ni DOCSIS 3.1 na chipu ni Puma 7, inakubali na mtambo wa 3.0. Nimeandika haraka, niko juu ya nguzo.

#34 Mpagazi Mstaafu (Septemba)

Imekuja. Kaibeba ndani ya soksi za mlimani, nyekundu na nyeupe, inang'aa. Adapta yake 100-240V, nilisoma mara nne. Kichwa ni cha Ulaya cha pini mbili za duara, nimenunua kigeuzi.

Nikapeleka namba. Siku ya kwanza haikushika. Siku ya pili haikushika. Siku ya tatu nikagundua nimewapa MAC ya waifai. Ndiyo Fundi, ulisema. Nikapeleka ile ya CM, baada ya nusu saa taa imetulia. Kasi ni ileile ya kifurushi, kama ulivyosema pia.

Kiboksi chao nimekirudisha. Karatasi ninayo, ina muhuri, serial number ya kifaa, sahihi ya dada wa mapokezi. Dhamana wamesema siku 14.

#35 Mpagazi Mstaafu (Oktoba)

Binti Kiboriloni, mzimu umetokea. Ankara ya mwezi huu, mstari wa tatu, kodi ya kifaa 11,800. Nimewatumia picha ya karatasi bila maneno. Jioni wamejibu samahani, wametuma ankara nyingine. Dhamana imeingia kwenye simu leo asubuhi, 50,000 yote. Mke wangu kaichukua, anasema ni ada ya ukaguzi.

#36 Binti Kiboriloni

Mwambie shikamoo. Angeniajiri.

#37 ChaliiWaSakina

Mzee ile ya Minnesota bado unayo? Nataka kifaa cha kuchokonoa tu, sio kuiba jamani.

#38 Mpagazi Mstaafu

Njoo uichukue, na adapta ya 12V juu.

#39 Mama Rau (Novemba)

Baba Mpagazi, vuli imeanza. Radi huko Njiro vipi? Modemu yako ya Kijerumani ina mtu wa kuibadilisha?

#40 Mpagazi Mstaafu

Mama shikamoo. Imepiga saa tisa na nusu upande wa Themi, dirisha likatetemeka. Nimekimbia kutoka jikoni na uji mkononi nikachomoa umeme, halafu nikachomoa na waya wa kebo maana Fundi alinionya inboksi kwamba radi huingilia huko pia. Iko mezani imelala, nimeifunika kitambaa. Nakuandikia kwa bando la simu.